“Punguza Mawazo” Si Jina la Ugonjwa

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Miaka 9 iliyopita aliinama kuokota bobini iliyobingirika chini ya meza, na alipoinuka moyo ulikuwa unakimbia. Haukupanda taratibu kama unavyopanda mtu akikwea ngazi. Uliruka mara moja, kama taa inavyowashwa. Jioni ile aliniambia ilikuwa kama cherehani ya mota ambayo pedali yake imekanyagwa mpaka mwisho, kisha ikanasa hapohapo. Alikaa chini, kijasho chembamba kikamtoka, na shingo ikawa inapiga kwa nguvu hata mteja aliyekuwa akisubiri gauni lake akaiona. Baada ya dakika 40 hivi ukakata, ghafla vilevile. Akaenda msalani mara tatu mfululizo, akarudi kumalizia pindo.

Kesho yake alikwenda hospitali. Moyo ulikuwa umetulia, presha nzuri, kifua safi. Daktari akamtazama.

“Dada, umeolewa?”

“Tumeachana, daktari.”

“Watoto?”

“Wawili, ninao mimi.”

“Basi ni mawazo hayo. Punguza mawazo, ulale mapema, moyo utatulia.”

Maneno hayo, kwa namna moja au nyingine, aliyasikia katika vituo vinne kwa miaka sita. Kimoja walimwandikia vidonge vya usingizi. Kingine walimwambia apunguze kujipa hofu. Shangazi yetu, ambaye anampenda kuliko anavyojipenda mwenyewe, alisema mtoto huyu tangu utotoni ni mtu wa kuweka mambo moyoni, sasa moyo umejaa. Jirani akasema ni upepo mbaya, asomewe dua. Hawa wote hawakukubaliana juu ya tiba, lakini katika jambo moja walikuwa sauti moja: kwamba ugonjwa ule ulikuwa ni yeye mwenyewe. Silika yake, talaka yake, ukimya wake.

Mwaka wa sita moyo ulianza akiwa sokoni, hatua chache kutoka zahanati ndogo. Tabibu kijana aliyekuwa zamu hakumwuliza habari za ndoa. Alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa, akamlaza na kumbandika waya za ECG, mashine inayochora umeme wa moyo, kabla hata ya kuandika jina lake. Karatasi ikatoka: mapigo 188 kwa dakika, yamepangana sawasawa kama mshono. Kile ambacho watu wazima wenye shahada walikiita mawazo kwa miaka sita kilionekana kwenye karatasi ya upana wa kiganja.

Naandika kuupinga usemi huo wa “punguza mawazo”, na wala siwalengi watu wachache waliokosea. Ni imani iliyoenea kuanzia jikoni hadi chumba cha daktari: kwamba mapigo ya moyo yakienda mrama, hasa kwa mwanamke, hasa kwa kijana, chanzo ni hulka ya mtu na shida za maisha yake, na dawa ni kutulia. Imani hii imechukua ukweli mdogo ikaukuza mpaka ukawa uongo, na uongo huo unaumiza watu.

Lugha yetu yenyewe imetusaidia kukosea. Kwa Kiswahili ni moyo unaovunjika tukiachwa, ni moyo tunaoupiga konde tukifiwa, mtu hutiwa moyo, hufa moyo, huwa na moyo mzito. Tumezoea kuiweka huzuni pale hata fundo hili la nyama limekosa haki ya kuugua kwa sababu zake. Linganisha na ini. Maini nayo tunasema hukatwa, na kwa maneno makali tu. Lakini sijasikia daktari akimwambia mwenye homa ya ini kwamba akamsamehe aliyemkata maini ndipo atapona. Ini linapewa vipimo. Moyo unapewa nasaha.

Tuutazame basi huo moyo kama kiungo. Juu, ndani ya chumba cha moyo cha upande wa kulia, kuna kifundo kidogo kinachotoa umeme, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Umeme ule unasambaa vyumba vya juu, kisha unafika katikati penye kituo kimoja tu halali cha kuvukia kwenda vyumba vya chini. Pale huchelewa kidogo, kama lori kwenye mizani, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu. Ndiyo taratibu. Sasa, wapo watu wanaozaliwa na njia ya panya. Wengine njia hiyo iko mbali na kituo, ni uzi wa msuli unaounganisha juu na chini mahali pasipostahili. Ndiyo hali waliyoieleza Louis Wolff, John Parkinson na Paul Dudley White mwaka 1930, walipokusanya habari za wagonjwa 11 wasio na dosari nyingine ya moyo, ila tu walikuwa wakipatwa na mapigo ya ghafla ya mbio. Wengine, kama mdogo wangu, wana njia mbili ndani ya eneo la kituo chenyewe, moja ya haraka na moja ya polepole. Siku pigo moja likija kabla ya wakati wake, umeme huteremka kwa njia moja ukarudi kwa nyingine, ukazunguka, ukazunguka, na kila mzunguko ni pigo. Kuinama kunatosha kuuanzisha. Kikohozi kinatosha. Ndiyo, na fadhaa pia inaweza.

Lakini hiyo njia haimjui mwenyewe. Haijui kama ni mpole au mkali, kama amesali au hajasali, kama mumewe yupo au ameondoka. Ilikuwepo kabla hajajifunza kuongea.

Na dalili zake zina sura yake. Moyo uliotiwa hofu hupanda na kushuka kwa mteremko. Huu huruka na kukata. Shingo hupiga kwa nguvu kwa sababu vyumba vya juu na vya chini vinajikunja kwa pamoja, damu ikarudishwa juu kwenye mishipa. Mkojo huwa mwingi baadaye kwa sababu kuta za vyumba vya juu, zikivutwa, hutoa homoni inayoziamuru figo kumwaga maji. Daktari aliyesikia mambo hayo matatu kutoka kinywa kimoja alikuwa na nusu ya jibu mezani kwake. Aliuliza kuhusu ndoa.

Si kwetu tu. Mwaka 1997 kundi la madaktari wa Marekani lilichapisha habari za wagonjwa 107 waliothibitishwa kuwa na mapigo ya mbio ya aina hii. Walipopimwa kwa vigezo vya magonjwa ya akili, asilimia 67 walitimiza masharti ya kuitwa wagonjwa wa hofu ya ghafla. Yaani kama ungewapeleka kwa daktari asiye na mashine, theluthi mbili wangetoka na jina la ugonjwa wa akili. Na ndivyo ilivyokuwa: zaidi ya nusu, tatizo lao la moyo halikutambuliwa walipofika mara ya kwanza, na kwa nusu ya hao ilichukua zaidi ya miaka mitatu kugunduliwa. Katika kipindi hicho madaktari wengi waliwaambia ni hofu, wasiwasi au msongo. Walioambiwa hivyo zaidi ni wanawake. Nilipoyasoma hayo sikuhitaji kutafsiriwa. Nilimwona mdogo wangu kati ya wale 107.

Hapo ndipo penye kosa kubwa la imani hii: inasoma kinyumenyume. Inaona mtu mwenye hofu na moyo unaokimbia, inasema hofu imeukimbiza moyo. Jaribu kuishi na kifua kinachoweza kulipuka wakati wowote, ndani ya daladala, mbele ya mteja, usiku wa manane watoto wamelala, huku kila unayemweleza anakwambia hakuna kitu. Mdogo wangu alianza kuogopa kuinama. Akaogopa kupanda basi la mkoani. Akawa mtu wa hofu kweli, kisha hofu ile ile ikatumika kama ushahidi dhidi yake.

Imani hii imetoka wapi? Ina ukoo mrefu, na inafaa kuutazama. Mwaka 1871 Jacob Mendes Da Costa, daktari wa Philadelphia, aliandika kuhusu askari zaidi ya 200 wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliolalamika maumivu ya kifua, pumzi fupi na moyo kudunda, naye akisikiliza haoni kasoro. Uliitwa moyo wa askari. Ndani ya fungu lile bila shaka walikuwemo waliochoka, waliotishwa na mizinga, wenye homa, na wenye hitilafu halisi za mapigo, wote wakapewa jina moja. Da Costa simlaumu. Willem Einthoven wa Leiden alikuwa bado mtoto, na mashine yake ya kuchora umeme wa moyo isingekuja hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu hawezi kuona asichokuwa na chombo cha kukionea. Sisi chombo tunacho.

Kisha wakaja Meyer Friedman na Ray Rosenman wa San Francisco. Friedman mwenyewe alisimulia jinsi fundi wa kuvisha viti alivyoshangaa kuona viti vya chumba cha kusubiria vimechakaa ukingo wa mbele tu, kana kwamba wagonjwa wa moyo hawakai wakaegemea. Kutoka hapo, mwaka 1959, wakatangaza watu wa Aina A: wenye haraka, wenye ushindani, wasiojua kungoja; hao ndio moyo unawaua. Dunia ikaipenda habari hiyo. Ilikuwa inahusu mishipa ya damu inayolisha moyo, haikuhusu mapigo, lakini wazo likishatoka nje ya maabara halichagui ugonjwa. Likageuka kuwa hekima ya kila mtu: moyo wako unaugua kwa jinsi ulivyo.

Kinachojulikana kidogo ni kilichofuata. Mwaka 1988 David Ragland na Richard Brand waliwafuatilia wanaume waliokuwa kwenye utafiti ule ule na ambao moyo ulikuwa umeshawaugua. Aina A, wale waliotabiriwa kufa mapema, walikufa kwa uchache kuliko wale watulivu. Na nyaraka za ndani za makampuni ya sigara zilipowekwa hadharani kupitia kesi za mahakamani, ilionekana kuwa Philip Morris ilikuwa imemfadhili Friedman kwa miaka mingi. Faida yao inaeleweka bila kuchora: kama moyo unaharibiwa na tabia ya mvutaji, basi sigara inapata wakili. Kila mara nikisikia mtu akielezwa kuwa moyo wake ni matokeo ya hulka yake, najiuliza ni kitu gani pembeni kinaachwa bila kuulizwa. Kwa wale ilikuwa sigara. Kwetu mara nyingi ni vipimo ambavyo havikufanywa.

Watetezi wa imani hii wana hoja, na hoja zao nzito sizikimbii. Tarehe 17 Januari 1994, saa kumi na nusu alfajiri, tetemeko la Northridge liliitikisa Los Angeles. Katika wiki iliyotangulia, vifo vya ghafla vya moyo vilikuwa kama 4.6 kwa siku. Siku ile vilifika 24. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006, eneo la Munich, dharura za moyo, zikiwemo hitilafu za mapigo, zilikuwa mara 2.66 ya kawaida siku timu ya Ujerumani ilipocheza. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, wakazi wa New York waliokuwa na vifaa vya kushtua moyo vilivyopandikizwa kifuani walipata mapigo hatari zaidi ya maradufu katika siku 30 zilizofuata. Nani basi atasema akili haifiki moyoni? Inafika. Adrenalini inafika moyoni ndani ya sekunde chache, na moyo unaisikia.

Ila tazama vizuri kilichotokea Los Angeles. Siku sita zilizofuata tetemeko, vifo vya aina ile vilishuka chini ya kawaida. Maana yake ni kwamba waliokufa alfajiri ile wengi walikuwa wameshaugua, tetemeko liliwahisha. Upepo ukivuma usiku, mwembe ulioliwa na mchwa ndio unaoanguka, ile mingine kumi inapepea majani na kubaki. Asubuhi mwenye shamba akisimama kuulaani upepo, hajaangalia mizizi. Na upepo utavuma tena, kwa sababu maisha hayana siku isiyo na upepo: ada za shule, kodi ya nyumba, mgonjwa kijijini. Kumwambia mama wa watoto wawili apunguze mawazo ni kumwambia apunguze maisha. Mchwa, angalau, anatafutwa na kutibiwa.

Kuna kisa cha mwaka 1856 ambacho sijaweza kukiacha tangu nilipokisoma. Katika shule ya viziwi ya Leipzig, binti mmoja aliitwa mbele ya wenzake kukaripiwa kwa kosa dogo. Akaanguka akafa palepale. Friedrich Ludwig Meissner aliyekiandika anasema wazazi walipoletewa habari hawakushangaa. Walikwishapoteza watoto wengine wawili kwa namna hiyo, mmoja baada ya kushtushwa sana, mwingine baada ya kukasirika. Hebu fikiria hadithi hiyo ingesimuliwaje kwetu. Watoto wa nyumba ile wana roho nyepesi. Hawavumilii kuambiwa. Wana mkono wa mtu. Ilipita miaka 101. Mwaka 1957 Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen wa Norway walieleza familia yenye watoto sita. Wanne walikuwa viziwi, wakizimia wakifadhaika au wakikimbia, na watatu kati yao walikufa wakiwa na miaka 4, 5 na 9. ECG zao zilikuwa na alama: moyo baada ya kila pigo ulichukua muda mrefu mno kujichaji upya. Leo tunajua ni kasoro ya jeni katika vijitundu vinavyopitisha potasiamu, vijitundu vilevile vinavyohitajika kwenye moyo na ndani ya sikio. Ndiyo maana uziwi na kifo vilitembea pamoja.

Karipio lilimwua binti wa Leipzig? Ndiyo. Na silika yake je? Hapana. Alikuwa na moyo ambao mtoto mwingine yeyote, hata awe jasiri namna gani, angekuwa nao angeanguka vilevile. Kuna aina ya kasoro hii ambapo saa ya kuamshia au simu inayolia ghafla huweza kumwangusha mtu, na nyingine ambapo ni kuogelea. Hakuna nasaha ya kutulia itakayoondoa jeni. Dawa za kuzuia adrenalini zipo, na si ngeni katika hospitali zetu, na kwa wagonjwa wengi wa aina hii ndizo zinazowaweka hai. Lakini hupewa mtu aliyechorwa ECG, na ndugu zake nao wakachorwa.

Na kuhusu hulka yenyewe, wapo walioipima kwa uaminifu. Watafiti wa Framingham, Marekani, waliwafuatilia maelfu ya watu kwa miaka 10 na kuchapisha mwaka 2004: wanaume wenye hasira na chuki walipata kidogo zaidi ule mtukutiko wa vyumba vya juu ambapo mapigo hupoteza mpangilio kabisa. Kidogo, si maradufu. Kwa wanawake uhusiano huo haukuonekana. Nalirudia hilo kwa makusudi. Uhusiano wa silika na mapigo ulipotafutwa, ulipatikana kwa wanaume, tena mdogo. Lakini katika vyumba vyetu vya daktari wanaoambiwa “ni mawazo” ni wanawake.

Ubaya wa jambo hili Afrika Mashariki ni mzito kuliko huko Marekani, kwa sababu sisi vijana wetu wana sababu za kweli za mioyo yao kwenda mrama. Mtoto anapata mafindofindo, koo halitibiwi, baada ya wiki chache viungo vinavimba, na vali za moyo zinaanza kuliwa kimyakimya. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, ukiwa na wagonjwa 3,343 wa moyo wa aina hiyo kutoka nchi 14, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, ulikuta nusu yao wana miaka 28 au chini. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Mmoja kati ya watano hivi alikuwa tayari na mtukutiko wa vyumba vya juu. Mtukutiko ule hufanya damu itulie na kuganda pembeni mwa moyo. Bonge likichomoka likapanda kichwani, ni kiharusi. Msichana wa miaka 28 akija kusema moyo unarukaruka na anachoka, ukamwambia ni mawazo ya uchumba, umemwachia bonge hilo liendelee kujengeka. Huko Gulu, Uganda, majaribio kwa watoto 818 yalionyesha sindano ya penisilini kila wiki nne inawazuia wengi wasiharibikiwe zaidi: chini ya asilimia 1 walizidiwa, dhidi ya asilimia 8 kwa wasiochomwa. Lakini sindano hiyo haimfikii mtoto ambaye hakuna aliyemtazama moyo.

Yapo mengine ya kawaida zaidi. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, mtu hukonda, hutetemeka, hukosa usingizi, hukasirika haraka, na moyo humkimbia. Kila mtu anaona mtu wa wasiwasi, kumbe damu yake imejaa homoni. Upungufu wa damu kwa mwanamke mwenye hedhi nzito. Pombe ya sikukuu. Mirungi. Potasiamu iliyopotea kwa kuhara au kwa vidonge vya presha. Dawa ambazo zenyewe huvuruga umeme wa moyo; halofantrini, dawa ya malaria iliyowahi kutumika Afrika, ilijulikana kwa hilo. Hakuna hata kimoja hapo kinachopona kwa kulala mapema.

Nimeambiwa: lakini mapigo mengi yanayorukaruka si hatari, na vipimo ni gharama, daktari ana foleni ya watu 60. Kweli mengi si hatari. Pigo moja la ziada hapa na pale karibu kila mtu analo. Ila hilo husemwa baada ya kupima, na likisemwa baada ya kupima lina uwezo wa kumponya mtu hofu, kwa sababu lina ushahidi. Kushika mkono na kuhesabu ni bure. Kumwambia mgonjwa agonge mezani kwa kidole jinsi moyo unavyopiga ni bure, na kidole kile husema mengi: kinagonga sawasawa mbiombio, au kinagonga ovyo kama mvua ya kwanza juu ya bati. Kumwuliza ulianzaje na ukaishaje ni bure. ECG ni kipimo cha zamani, na kumwambia mtu “ukianza, kimbilia kituo chochote chenye mashine wakuchore ukiwa bado unaenda” kungempunguzia mdogo wangu miaka sita. Palipo na uwezo, kipo kifaa cha Holter anachovaa mtu siku nzima. Norman Holter alipokianza huko Montana kilikuwa mzigo wa mgongoni wa kilo kama 38. Leo kinaingia mfukoni.

Na kama daktari anaamini kwa dhati kwamba ni msongo, basi autibu msongo. Huzuni inayomlemea mtu na hofu inayomnyima usingizi ni maradhi yenye wataalamu wake na tiba zake. Aliyemwambia mdogo wangu ana mawazo hakumwandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu yeyote. Hakumwuliza analala vipi, kama kuna mtu anampiga, kama amewahi kutamani kufa. Kwa hiyo hata wagonjwa wa akili wanadhulumiwa na usemi huu. Unatumika kumfungia mtu mlango, kisha aliyeufunga anaita foleni inayofuata.

Mwaka 1912 mfanyabiashara Mholanzi alikwenda kwa Karel Wenckebach, bingwa wa mapigo ya moyo, huku moyo wake ukipiga ovyo bila mpangilio. Wenckebach akamwambia hawezi kumsaidia. Yule bwana akajibu kwamba yeye mwenyewe anaweza, na kesho yake akarudi na mapigo yaliyonyooka: alikuwa amemeza gramu moja ya kwinini. Alikuwa ameishi nchi za malaria, akagundua kwamba kila akitumia kwinini moyo nao hutulia. Wenckebach angeweza kumwona mtu wa kujitibu ovyo, mwenye kung’ang’ania, mwenye silika ya ukaidi. Alimsikiliza, akaandika, na mwaka 1918 Walter Frey akaonyesha kwamba ndugu wa kwinini, kwinidini, anafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Tiba ya mapigo kwa miongo kadhaa iliyofuata ilitoka kwenye kinywa cha mgonjwa aliyeaminiwa.

Mdogo wangu sasa ana dawa, na yuko kwenye orodha ya kufanyiwa utaratibu wa kuiunguza ile njia ya ziada kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, tiba ambayo dunia imekuwa nayo tangu miaka ya 1990 mwanzoni na ambayo kwa hali kama yake hufaulu kwa zaidi ya watu tisa katika kila kumi. Daktari wake wa sasa, mwanamke mwenye subira, alimfundisha pia la kufanya moyo ukianza: anakaa ameegemea, anapuliza mdomo wa sirinji ya mililita 10 kwa sekunde 15 kama anayetaka kuisukuma pampu yake, kisha analazwa chali mara moja na miguu inainuliwa. Madaktari wa Uingereza waliujaribu ufundi huo kwa wagonjwa 428 na kuuchapisha mwaka 2015. Asilimia 43 ya walioinuliwa miguu mapigo yalirudi sawa, dhidi ya 17 ya waliopuliza tu.

Mwezi uliopita nilikuwepo. Ulianza akiwa ameinama kukata kitambaa sakafuni. Binti yake wa kwanza, ana miaka 13 sasa, akamshika kifundo cha mkono huku anatazama simu. “Mia na themanini na mbili, mama.” Akachukua sirinji kwenye kikopo cha vifungo. Mama akapuliza, mishipa ya uso ikasimama. Mtoto akamlaza kwenye mkeka, akainua miguu yake akaiegemeza begani. Tukangoja. Niliona shingo ikisita, ikakaa kimya muda uliotosha mimi kukosa pumzi, kisha ikapiga, polepole, ikapiga tena. Mdogo wangu akalala pale dakika mbili akiangalia dari. Karatasi yake ya ECG ya siku ile ya sokoni iko ukutani ndani ya nailoni, kando ya vipimo vya wateja. Akaenda msalani, akarudi, akaniomba nimpe mkasi.